Tunda la Juu ya Fungu

Sokoni walimwita Mama Fungu, kwa kuwa hakuna aliyejua kupanga fungu la matunda kama yeye. Mapera yalishikana kama matofali ya fundi hodari, na juu kabisa aliweka moja la fahari, lisilo na doa, la kuwavuta wapita njia. Tunda hilo halikuwahi kufika nyumbani kwake. Wanawe walikua wakila yaliyobonyea, tena jioni, yakibaki.

Kwa wateja alikuwa daktari wa bure. "Tumbo limefunga, mwanangu? Chukua papai lililoiva. Umechoka? Ndizi hizo hapo." Watu walicheka, wakanunua. Mganga hajigangi.

Kisha kitindamimba wake, mjamzito wa miezi saba, akarudi kutoka zahanati uso umemshuka. Damu yake ilikuwa pungufu. Nesi alisema wazi: isipopanda kufikia kliniki ijayo, hatajifungulia pale. Atapelekwa hospitali kubwa, safari ya siku nzima, mbali na mama yake.

"Si umepewa vidonge?" mama akauliza.

"Nimepewa, tangu kliniki iliyopita. Nameza asubuhi na chai."

"Nesi alikwambia na chai?"

Binti akainamisha kichwa. "Alisema chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Nimezee tunda lenye vitamini C. Chungwa, au pera, ndilo lenye nyingi zaidi. Lakini kwetu mapera ni ya kuuza, mama."

Mama akalitazama kapu la yaliyobonyea.

Kesho yake alipanga fungu kama kawaida. Alipomaliza, akalichukua lile la juu, akaliosha, akalifunga kwenye kitambaa safi na kumpelekea binti yake. Aliporudi, fundi cherehani, mteja wake wa kila asubuhi, alikuwa anangoja.

"Mama Fungu, leo fungu halina kichwa?"

"Kichwa kina kazi nyumbani."

"Yaani mimi, mteja wako wa miaka yote, nile la chini?"

"Utakula la chini, baba, na hutakufa. Wewe huna mimba, ingawa hilo tumbo linataka kutudanganya."

Meza za jirani zikaangua kicheko. Fundi akala la chini.

Nyumbani vita vilikuwa vikali zaidi. "Mbegu za pera zinaniingia menoni," binti alilalamika.

"Meno ni yako. Damu ni ya wawili."

Pera lilipomkinaisha, mama alileta chungwa, kesho yake pasheni. Vidonge vilipomfunga tumbo, alileta papai. Maharage na mboga za majani havikukosekana, maana tunda peke yake halijazi damu. Linafungua njia tu. Na alipomkuta binti anainjika birika kwa siri, hakugomba. Aliyatia majani ya chai kwenye kapu lake, akaenda nayo sokoni.

Siku ya kliniki walikwenda pamoja. Nesi alimtoboa binti kidole, akatazama kipimo, akatazama tena.

"Imepanda. Utajifungulia hapa hapa."

Binti alimshika mama mkono. Mama Fungu hakupiga vigelegele. Aliuliza tu, "Na anayenyonyesha, naye anahitaji matunda?"

"Sana, mama."

"Basi fundi atavumilia," akasema, akajifunga kanga vizuri na kurudi mezani kwake.