Muuza Mayai wa Katindo

Kwa miaka sita Shakila amewauzia watu wa Katindo mayai ya kuchemsha. Huyabeba kichwani kwenye beseni, pamoja na kikopo cha chumvi na pilipili, na madereva wanamjua kwa sauti kabla hawajamwona. Amelisha wanaume wa mtaa mzima. Yeye mwenyewe, tangu ashike mimba hii ya pili, hakuwa ameonja hata kiini.

Ndiyo sheria ya Mama Alimasi, mama wa mumewe: mwanamke mwenye mimba akila yai, mtoto atazaliwa na kipara. Mimba ya kwanza Shakila aliitii sheria hiyo kwa adabu zote. Mtoto akafa siku ileile aliyozaliwa, naye nusura amfuate kwa kuishiwa damu.

Safari hii, kliniki, muuguzi Gisèle alimvuta kope la chini, akaona weupe mtupu.

"Damu yako ni kidogo sana, mama. Vidonge peke yake havitatosha. Unakulaka nini?"

"Bugali na sombe." Ugali na majani ya muhogo, basi.

"Na ndani ya ile beseni kuko nini?"

"Mayai."

"Ya nani?"

"Ya kuuzisha."

Gisèle alimtazama tu. Shakila aliona aibu, na njiani aibu ikageuka hasira. Alijiona mjinga, kufa kwa njaa ya damu huku chakula kimemkalia utosini!

Hakula kwa kujificha. Kujificha ni kazi ya mwizi, na mayai yalikuwa yake. Alisubiri mchana, ukoo wote ukiwa umeketi mkekani, akachukua yai moja, akaligonga kwenye ukingo wa sahani ya mkwewe, akalimenya taratibu.

"Shakila! Unafanya nini?" Mama Alimasi aliacha tonge hewani.

"Ninakula, mama."

"Mutoto atazaliwa bila nywele!"

"Basi nitamununulia kofia."

Wifi mmoja alipaliwa kwa kicheko. Alimasi, mume mtu, aliinamia bugali yake kana kwamba kuna kitu kimepotea humo. Shakila akamenya la pili. Tangu siku hiyo alikula mawili kila siku, na vile visamaki vya sambaza, na mboga ya lengalenga, na Mama Alimasi akawatangazia majirani wote kwamba mkwe wake ana kichwa kigumu. Hapo hakusema uongo.

Msichana alizaliwa akipiga kelele za kuziba masikio, mnono, na kichwa chake kiking'aa kama yai lenyewe. Hata unywele mmoja hakuwa nao.

Mama Alimasi aliingia wodini, akafunua kitenge, akapiga makofi kwa ushindi. "Sikusema? Angalia! Angalia hii kichwa!"

Shakila alikuwa amechoka, lakini hakuyashusha macho.

"Ule wa kwanza alikuwa na nywele mingi, mama. Nyeusi, mpaka kwa shingo. Wewe mwenyewe ulizisifu. Tulimuzika nazo."

Mikono ya bibi ilibaki hewani. Mtoto akalia tena. Mama Alimasi akamwinua, akamweka kifuani, kile kichwa kitupu chini ya kidevu chake. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu:

"Leo ulishakula mayai yako?"

"Bado, mama."

"Sasa nani atakuchemushia?" alisema, akaanza kutafuta viatu vyake.