Sikio la Fahali wa Babu

Leo nusura niitwe mwizi wa ng'ombe, nimekaa zangu kwenye kompyuta!

Babu mmoja wa Kinyangiri alileta picha ya fahali wake niisafishe. Nikaona sikio limechanika, nikaliziba vizuuuri.

Babu kuangalia, akanuna.

"Mjukuu, huyu ng'ombe wa nani? Wangu ana mkato sikioni, ndiyo alama ya ukoo wetu!"

Jasho likanitoka.

Bahati nzuri huwa nafanyia kazi nakala kwenye leya ya juu, yaani tabaka lililolala juu ya picha, na picha halisi inabaki chini. Nikaizima ya juu, mkato ukarudi.

Babu akapiga makofi! Halafu akasogeza kiti, akaachama, mapengo matupu:

"Haya, bonyeza hapohapo, na meno yangu yarudi."

Jamani, mngemjibuje?