Mama Cherehani na Kambare Mla Mti

Mama Cherehani alishona sare za shule mpaka macho yakagoma kuona tundu la sindano. Alipofunga kibanda chake, wanawe walidhani sasa atatulia nyumbani kulea wajukuu. Yeye akaenda zake kununua tangi la kioo na kambare mmoja mweusi, mwenye ngozi ngumu kama gome.

"Huyu anakula nini?" mwanawe mkubwa aliuliza.

"Mti."

"Mama! Mchwa hawakukutosha?"

Kambare mwenyewe hakuwa na haraka na dunia. Alijibandika kwenye kipande cha gogo, akakikwaruza kutwa nzima, krr, krr, huku unga wa mbao ukitapakaa chini ya tangi. Mama aliufyonza kwa mpira na kuongeza maji safi. Miti aliiomba kwa seremala jirani, isiyoguswa na rangi wala vanishi, akaichemsha kwanza. Siku nyingine alimkatia tango, maana mti mtupu haumshibishi.

Basi asubuhi moja mwanawe mkubwa akaja na mkewe, gari la mizigo likiwafuata. Walikwishaamua: mama ahamie kwao, nyumba yake ipangishwe.

"Ila samaki abaki, mama," alisema mkwe kwa upole. "Sebule yetu ni finyu."

Wapakiaji walibeba godoro. Wakabeba kabati. Walipoligeukia tangi ili walisogeze kando, wakamkuta Mama Cherehani ameketi mbele yake kwenye stuli, mikono ameikunja kifuani.

"Mama, inuka," mwanawe alinong'ona. "Unatuaibisha mbele za watu."

"Aibu yako ibebe mwenyewe. Nimekulea, nimekusomesha, nimekuoza mke. Nimeshona vifungo vya watoto wa watu mpaka vidole vikaota sugu. Niambie, lini nilitaka kitu cha kunifurahisha mimi peke yangu?"

Mama akakunjua mkono, akaligusa tangi.

"Hiki hapa. Na sihami."

"Kisa samaki?"

"Ungeniuliza, pengine ningekuja. Hukuniuliza. Umeniletea gari. Haya, rudisheni godoro langu."

Mpakiaji mmoja alimeza kicheko. Godoro likarudi. Kabati lilikwama mlangoni likavunjika mguu. Mama akaliegemeza kwa tofali, yakaisha.

Mwanawe alinuna. Hata salamu akawa anazipitisha kwa mkewe. Ilimuuma mama mtu, asikwambie mtu. Kuna nyakati alishika simu, akaiweka. Lakini aombe radhi kwa kosa gani? Akaenda kununua tangi kubwa zaidi, na seremala akalitengenezea meza ya miguu minene.

Jumapili moja akasikia hodi. Mwanawe aliingia, akasimama mbele ya tangi akimwangalia kambare.

"Chumba chako bado kipo, mama," alisema.

"Nimesikia." Mama alimsogezea kiti na sahani. "Siku nikitaka kuja, nitakwambia mimi. Sasa kaa ule, chakula kinapoa."