Wanasema Nina Mimba, Nami Najua Sina

Mhariri, shikamoo. Nakuomba jina langu ulijue wewe peke yako. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, hapa Malindi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, nikaolewa baada ya mitihani. Mume wangu hufanya kazi Mariakani na hurudi Ijumaa. Mimi naishi na mama yake.

Tangu nivunje ungo siku zangu huja zikitaka. Shuleni niliona ni jambo dogo. Baada ya kuolewa zilikatika kabisa, miezi mitatu. Kwetu mke mgeni hamwambii mama mkwe mambo ya mwili wake. Humwambia somo yake, yule mama aliyemfunda, naye ndiye hufikisha. Basi nilimwendea somo yangu nikamwambia kwa shida sana kwamba sijaona siku zangu. Nilikuwa naomba dawa.

Akacheka. "Sasa waona haya ya nini? Si ndilo tulilokuwa tukilingoja?"

Nilitaka kumweleza kwamba nimekuwa hivyo tangu zamani, lakini alikwisha vaa buibui kwenda kumpasha mama mkwe. Jioni ile mama mkwe alininyang'anya ndoo ya maji. "Wacha, mwanangu. Na ukinizalia mwenye pua ya babake, tutamrudisha." Nyumba nzima ikacheka. Nami nilicheka.

Wiki iliyopita alinipeleka hospitali mwenyewe. Niliingia kwa daktari peke yangu, yeye akabaki kwenye benchi. Nilipimwa mkojo, nikaulizwa maswali mengi. Daktari akasema, "Huna mimba. Homoni zako haziko sawa, ndiyo maana yai halikomai kila mwezi. Kuzaa unaweza, lakini utahitaji matibabu. Meza vidonge hivi, damu itakuja, kisha urudi na mumeo."

Nilipotoka mama mkwe aliuliza, "Wamesemaje?"

"Wanataka nirudi na mume wangu."

"Vyema. Mimba ya kwanza, lazima baba aonekane."

Sikumsahihisha. Nilijaribu, nikaketi kwanza kwenye benchi, akadhani nina kizunguzungu, akanishika mkono mpaka nyumbani.

Vidonge nimevishona ndani ya mto. Sijameza hata kimoja. Jirani yetu mmoja mimba yake ilitoka mwezi jana, na nilimsikia mama mkwe akimwambia somo yangu, "Hawa wasichana wa shule wanajua dawa zote. Huyo ameitoa." Mimi nikimeza, damu itakuja, nao watasema vivyo hivyo, na vidonge wataviona. Nisipomeza sitatibiwa, na mtoto namtaka kuliko wao wanavyodhani. Usiku naota nimeshamzaa, nikiamka naogopa kujigusa tumbo.

Ijumaa mume wangu alikuja na kitambaa cheupe cha nepi. Amewaambia wenzake wote kazini. Ni mpole, hajawahi kunikaripia, na sijui atanitazama vipi akijua. Nikimwambia yeye kwanza, somo yangu ataaibika mbele ya mama mkwe, na hatanisamehe. Nikimwambia somo, naogopa atasema mimi ndiye niliyemdanganya.

Nyinyi dada na mama mnaousoma ukurasa huu, nianze na nani, na nimwambie kwa maneno gani? Vidonge nimeze sasa au nisubiri? Nijibuni upesi, kwa maana kila asubuhi mama mkwe hulitazama tumbo langu, na jana aliuliza mbona halikui.