Kaka Yangu na Bomba la Moshi

Kaka yangu Melkizedeki alirudi nyumbani mwaka 1974 akiwa na miaka hamsini na mmoja, sanduku la bati, aproni mbili nyeupe na maoni juu ya kila kitu kinachopikwa. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amewapikia mapadre wa misheni moja upande wa Itigi. Alijua kuoka mkate. Alijua kukaanga yai bila kuvunja kiini, na kupika supu nyepesi ambayo mtu akiitazama anaiona sahani yote mpaka chini. Mke hakuwa naye. Kila alipoulizwa alijibu kwamba kazi ilimbana, na sisi tukanyamaza kwa heshima.

Mwaka huohuo tulikuwa tumehamia kijiji kipya karibu na Sepuka, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi asubuhi. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Simoni, alimgawia kaka kiwanja kinachotazamana na changu. Akajenga tembe dogo la vyumba viwili, kuta za udongo, juu miti na udongo ulioshindiliwa vizuri. Nyumba ilipendeza. Ila humo ndani hapakupikwa kitu. Kaka alinieleza kwamba yeye hupika kwa mshahara tu, nyumbani mwanamume hapiki. Basi kila jioni alivuka njia, akaketi kwangu, akala ugali wangu, kisha akaniambia kwamba mlenda ungekuwa mwepesi kidogo ungefaa zaidi. Nilivumilia msimu mzima. Shikamoo nilimpa kila siku kama inavyotakiwa, lakini kila siku ilinitoka kwa taabu zaidi ya jana.

Kwa hiyo nilifurahi sana nilipogundua kwamba mwanamume huyu asiye na jiko amenunua vyungu vitatu ndani ya mwezi mmoja.

Vyungu vilifinyangwa na Febronia, mama Yohana, mjane wa rika langu. Kibanda chake kilikuwa kule bondeni kwenye udongo mzuri. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono yenye nguvu, na mwanawe Yohana alishakuwa mtu mzima, anafanya biashara ndogo Mitundu. Kaka alinituma nikamsemee posa. Nilikwenda mbio kuliko nilivyowahi kutumwa na mtu yeyote.

Febronia alinisikiliza huku akilainisha mdomo wa chungu kwa kipande cha ngozi.

"Kaka yako simchukii, mama Leah," alisema. "Ni msafi, na ananichekesha. Lakini mimi nimelia kwa moshi miaka ishirini. Marehemu mwenyewe nilimlilia mwezi mmoja. Nilikuwa naamka macho mekundu, watu wananitazama kanisani wanadhani nimelala kilabuni. Nikiolewa tena, siingii nyumba yenye moshi. Mwambie hivyo, wala usimpunguzie."

Sikumpunguzia. Kaka alipiga makofi.

"Ni hilo tu? Basi nimekwisha oa! Mapadre wana jiko lenye dohani. Unapika kutwa nzima, chumba cheupe kama siku kilipopakwa chokaa."

"Dohani ndiyo nini?" aliuliza mzee Simoni, ambaye alikuwa amepita kusalimu na hakuwa na haraka ya kuondoka.

"Bomba la moshi, mzee."

"Si ungesema bomba la moshi."

Siku ya tatu kijiji kizima kilijua kwamba ndoa ya Melkizedeki inategemea bomba.

Alijenga kwa matofali mabichi jiko refu lililomfika kiunoni, lenye matundu mawili ya duara juu na mdomo wa kuni mbele, sawasawa na lile la misheni. Bomba alilitengeneza kwa madebe ya mafuta ya taa, akayakata, akayakunja na kuyaunganisha. Kisha akatoboa ukuta wa mashariki na kulitokeza pale, kwa sababu barabara inapita upande huo na alitaka kila anayekwenda Singida mjini alione.

"Kaka," nilimwambia, "mwezi huu wa saba upepo wote unatoka huko."

"Cecilia, umewahi kuona jiko la mapadre?"

"Sijaliona. Ila upepo nimeuona."

Hakunisikiliza. Aliwaalika watu wa nyumba kumi, akavaa aproni, akawasha. Nitasema haki: kwa muda wa Salamu Maria moja moshi ulitoka nje, na watu wakapiga makofi. Halafu upepo ukaja. Uliingia kwenye lile bomba na kuusukuma moshi wote ndani, ukatokea mdomo wa jiko kwa kishindo. Wa kwanza kutoka mlangoni walikuwa kuku. Wa pili alikuwa mzee Simoni. Kaka alitoka wa mwisho, aproni imekuwa ya rangi nyingine kabisa, akikohoa na kutueleza katikati ya kikohozi kwamba ni jambo dogo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kule bondeni Febronia alikuwa amesimama mbele ya kibanda chake, mkono juu ya macho, anatazama.

Kaka hakukata tamaa, na hilo nampa. Alihamishia bomba upande wa magharibi, nyuma ya upepo. Alipoona bado moshi unasita, alikaa juu ya paa asubuhi nzima akirusha vumbi la majivu na kulitazama linakokwenda. Aliposhuka alituambia kwamba upepo ukishavuka paa huinama na kukandamiza chochote kilicho chini, kwa hiyo bomba lazima lipite paa kwa urefu wa mkono mzima. Akaongeza madebe mawili. Safari hii jiko lilivuta. Lilivuta vizuri hata ukisogeza kijinga cha moto mdomoni unaona moshi unakimbilia ndani wenyewe. Niliingia nikakaa humo muda mrefu, macho makavu, nikaona wivu.

Febronia aliitwa. Alikuja na chungu chake, mwiko wake na unga wa uwele, kama mtu anayekwenda kujaribu ng'ombe wa kukamua kabla ya kumchukua.

Sasa sikilizeni kosa la mtu aliyejifunza kupika kwa mapadre. Matundu yale yalikatwa kwa ajili ya sufuria yenye kitako bapa. Chungu cha Febronia kilikuwa cha mviringo, kikakaa juu ya tundu kinatikisika. Tena jiko lilikuwa refu. Ugali wa uwele si supu ya kuona mpaka chini ya sahani. Unakaa chini, unakibana chungu kwa miguu juu ya vitambaa, unaukandamiza kwa nguvu ya mgongo. Febronia alisimama kwa ncha za vidole, akasonga, chungu kikazunguka pamoja na mwiko. Akasonga tena. Mara ya tatu chungu kikalala ubavu na nusu ya ugali ikaingia motoni.

Hakuna aliyecheka, hata mimi.

"Moshi kweli hamna," Febronia alisema polepole. "Umefanya kazi kubwa, Melkizedeki. Lakini jiko hili linamtaka mtu wa kusimama kama padre altareni. Mimi napika nimekaa."

Akachukua chungu chake, akaenda zake.

Jioni ile kaka alikuja kula. Hakusema lolote juu ya mlenda, nami nikaogopa. Alikaa na tonge mkononi mpaka likapoa.

"Labda nimechelewa," alisema. "Mtu wa miaka hamsini na mmoja anatafuta nini."

Nilimwonea huruma. Na mimi nikiona huruma huwa nakasirika. Nilimwambia kwa Kinyaturu, maana kuna maneno ambayo Kiswahili changu hakiyabebi, kwamba yeye ni mpumbavu aliyesafiri sana. Ameangalia bomba, ameangalia upepo, amepanda juu ya paa kama paka. Je, amemuuliza mwenye kupika?

"Nimuulize nini? Mimi nimepika miaka kumi na minane!"

"Wewe umepika. Huyo atakayepika humo ni wewe?"

Kisha akalila lile tonge.

Kesho yake asubuhi alishuka bondeni. Mimi nikachukua ndoo nikamfuata nyuma kidogo. Kisima chetu kiko upande mwingine, lakini siku hiyo sikuona sababu ya kukumbuka hilo.

Alimkuta Febronia mikono imezama kwenye udongo. Walisalimiana, akauliza habari za Yohana, akauliza habari za udongo, akavua kofia, akaivaa, akaivua.

"Febronia," alisema hatimaye, "wewe ukipika unapenda kukaaje?"

Mikono yake ilisimama. Nikadhani swali limemchukiza.

"Nimezaliwa, nimeolewa, nimezaa, nimefiwa," alisema. "Hilo swali hajawahi kuniuliza mtu."

Alinawa mikono, akachukua kigoda chake, akapanda naye mpaka nyumbani kwa kaka, nami nyuma yao. Aliweka kigoda katikati ya chumba, akakaa, akanyoosha miguu, akachukua kipande cha mkaa na kuchora sakafuni. Hapa miguu. Hapa chungu, na shimo lake liwe la mviringo, likikumbatie. Mdomo wa kuni uwe upande wa kulia, kwa sababu yeye husonga kwa mkono wa kushoto na hataki moto upande anaofanyia kazi. Na mlango auone akiwa amekaa, ajue nani anapita na amebeba nini. Kaka alipiga magoti na kufuata kila mstari kwa kidole, akisema "ndiyo" na "ndiyo" kama mtu anayefundishwa sala.

"Na hilo bomba lako la madebe," aliendelea, "masika moja tu litaoza kwa kutu. Tena likipata moto linaunguza mtu. Hilo niachie mimi."

Akafinyanga bomba. Alitengeneza vyungu vinane vyembamba visivyo na kitako, kila kimoja shingo yake inaingia ndani ya mwenzake. Kimoja kilipasuka kwenye kuchoma, akafinyanga kingine bila kulalamika. Watu walipita bondeni kwa makusudi ili wamtanie.

"Mama Yohana, unajijengea nyumba ya kuolewa?"

"Mlitaka anijengee nani, nyinyi?" alijibu, na hawakurudi na swali hilo.

Jiko la chini walilijenga pamoja, yeye akipaka, kaka akikanda udongo na majani. Vyungu vinane vilipangwa nje ya ukuta wa magharibi, kuanzia tundu lililo nyuma ya jiko mpaka juu ya paa, wala paa halikutobolewa, kwa hiyo mvua haikupata njia. Kileleni Febronia aliweka kigae kikubwa juu ya miguu mitatu ya udongo, moshi upite chini yake na mvua ikatae. Nilimwona kaka akilizunguka bomba lile, akiligusa. Alisema wazi mbele ya watu kwamba la mapadre si zuri hivyo. Kwa Melkizedeki hayo yalikuwa maneno makubwa.

Likaachwa likauke wiki tatu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Febronia alikuja kupika.

Kaka alikuwa tayari na aproni, anataka kuwasha. Aliambiwa akae. Akakaa. Kuni zililia kidogo, moshi ukatafuta njia, ukaiona, ukaenda. Mzee Simoni alitoka nje kuangalia kileleni, akarudi kutangaza kwamba unatoka, akatoka tena, akarudi kutangaza kwamba bado unatoka, mpaka nikamwomba atuonee huruma. Febronia alikaa kwenye kigoda, chungu kimekaa shimoni kimetulia, mkono wa kushoto unasonga. Alisonga ugali ule kwa raha hata akaanza kuimba chinichini, na mimi sikuwahi kumsikia akiimba nje ya kanisa.

Tulikula ugali, mlenda na kuku wawili. Nilimwona kaka anafungua mdomo kuhusu mlenda. Nikamfinya paja, akaufunga.

Lakini jibu halikutoka. Watu walikula, wakasifu, wakanawa, wakaanza kuaga mmoja mmoja wakimtazama Febronia, naye akawaaga kwa adabu bila neno zaidi. Jua lilikuwa linashuka. Nikabaki mimi naosha sahani, na kaka amesimama mlangoni, kofia mkononi, anaogopa kuuliza. Na mimi nikaosha sahani ileile mara tatu, kana kwamba anayeposwa ni mimi.

Kwetu mgeni akipika kwenye nyumba ya mtu, akimaliza huinuka na kuuacha moto ufe wenyewe. Hana kazi nao tena. Makaa hufukiwa majivuni na mwenye nyumba, kwa sababu yeye ndiye atakayeyahitaji asubuhi.

Febronia hakuinuka. Alichukua kijiti, akayakusanya makaa pamoja taratibu, akayasukuma mpaka ndani kabisa ya jiko, akayatazama. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Wifi," aliniambia, "nisogezee hilo jivu."

Nilimsogezea. Halafu nikapiga kigelegele mpaka mzee Simoni akarudi mbio kutoka barabarani.