Matanga ya Mzee wa Daftarini

Barua ilitoka Dar, kwa mchapaji wa vitabu, ikapitia ofisi ya kijiji, kwa hiyo Kurui nzima iliijua kabla ya mwenyewe. Mstari mmoja ndio uliomkaa Mwanamvua rohoni: "Watu wa hadithi yako hawana uhai."

Hawana uhai! Mama wa watoto wanne, aliyejifunza kusoma katika darasa la kisomo cha watu wazima, akajaza madaftari sita kwa penseli kila akitoka shamba la kijiji, leo aambiwe ameandika maiti watupu! Alilia kwa hasira. Kisha akamwambia mumewe, Isihaka, kwamba ataiandika upya na kuwasomea wenzake wa kisomo. Wasipoguswa, madaftari yote atayachana ya kufungia karanga.

"Karanga zenyewe ziko wapi?" Isihaka akamtania. Lakini tangu siku ile akawa yeye ndiye anayekwenda kuchota maji.

Msimu mzima wa korosho Mwanamvua aliwachunguza watu kama aliyeibiwa kuku. Kosa lake akaliona. Watu wake aliwapa maneno mazuri tu, kama ya mkutano wa hadhara. Hakuna aliyekohoa wala kujikuna. Basi mzee wa hadithi yake, Mwinyijuma, ambaye hakuwahi kuwepo popote duniani, akampa mguu wa kushoto wa kuburuta, na tabia ya kuvua kofia kila anapotaka kusema uongo. Akatokea kumpenda mno. Ilipobidi afe, Mwanamvua alishika penseli siku tatu bila kuandika neno.

Sura hiyo ya kifo ndiyo aliyoisoma darasani, alasiri moja ya mwaka 1975. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Watu walikusanya vitabu vyao wakaondoka kimya. Mwanamvua akajua yamekwisha.

Asubuhi yake alikaa barazani, daftari la kwanza mapajani, akijikaza alichane, mara akasikia vicheko njiani. Alikuwa Saburi, mtani wa ukoo wao, ambaye hakosi msiba, maana kazi ya mtani msibani ni kumwigiza marehemu. Alikuja akiburuta mguu wa kushoto, na darasa zima nyuma yake. Kufika uani, akavua kofia.

"Jamani, mimi tangu nizaliwe sijala kuku wa mtu!"

Watu wakaangua kicheko. Hakuna aliyeuliza ni nani anayeigizwa. Wengine walicheka huku wakifuta machozi, na Mwanamvua alikuwa mmoja wao.

Bi Mwamvita, mkubwa kuliko wote darasani, hakucheka. Alitua kikapu cha mihogo, akamshika Mwanamvua mikono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Jana sikuweza kusema kitu. Mzee wa watu, kaondoka hata mjukuu hajamwona!"

"Nimeshapoa, bibi," Mwanamvua akajibu, kama mfiwa anavyojibu. Hakuwa amepoa hata kidogo. Alikuwa na furaha tele. Asiye na uhai angewekewa matanga vipi? Mchapaji na aje ajionee mwenyewe!

Isihaka alitoa jamvi akalitandika uani. Halikutosha, akaenda kuazima mengine kwa majirani.