Shimo la Ndizi la Dismasi

Dismasi alifika kwetu Gungu, karibu na ziwa, mwaka wa sabini na mbili, akitokea Burundi, ana blanketi moja na panga lisilo na mpini. Shangazi yangu Rozalia alimpa chumba cha uani, kile alichokuwa akiwekea kuni. Mkeka alipewa na Mzee Luqman, jirani yetu aliyezaliwa Ujiji. Mpini alichongewa na Feliksi, fundi baiskeli, ambaye hajawahi kumfanyia mtu kitu bila kumtania.

“Panga limenenepa,” Feliksi alimwambia. “Bado wewe.”

Dismasi alicheka. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka.

Alikuwa mtu mrefu, wa miaka arobaini na kitu, msema taratibu. Alilima kibarua kwenye mashamba ya Rusimbi, na kwa kuwa Kirundi chake na Kiha chetu vinakaribiana, watu walimzoea upesi. Shangazi alikuwa akitengeneza pombe ya ndizi kila baada ya wiki tatu nne hivi, si ya kuuza, ya watu wake tu. Dismasi naye aliitwa mtungini akapewa mrija. Alivuta kidogo, akashukuru, akaondoka kabla ya wengine. Mimi nilikaa karibu na mlango wa jikoni, na niliona kwamba hakuondoka kwa sababu ya usingizi, maana taa yake ilikaa inawaka.

Siku moja alimwambia shangazi, “Mama Rozalia, mwaka mzima nakunywa vya watu. Nataka na mimi nikae upande wa mwenye mtungi.”

Shangazi alielewa. Kwetu na kwao ni hivyo hivyo: mwenye pombe anavuta wa kwanza, watu wakimtazama, waone kilichomo ni salama, halafu anawakaribisha mmoja mmoja kwa jina. Asiye na mtungi hana wa kumkaribisha.

Kiangazi kilichofuata, mwenye shamba la Rusimbi alimpa Dismasi mikungu minne ya ndizi za pombe. Aliibeba kichwani, miwili asubuhi, miwili jioni. Jumamosi alichimba shimo nyuma ya chumba chake, akawasha majani makavu ndani lipate joto, akalitandika majani mabichi ya mgomba, akazipanga ndizi na kuzifukia. Kisha akazunguka kwa majirani kualika watu. Jumapili ya wiki inayofuata, alisema. Alinunua na mtungi mpya, mkubwa, akauweka mlangoni kila apitaye auone.

Jumatano shangazi alipita uani akasimama, akanusa. Akaenda zake. Shimo la ndizi la mtu mwingine haliulizwi. Wazee wetu wanaamini ukiliuliza, ndizi zinagoma kuiva. Alhamisi alipita tena, akaja jikoni akaniambia kwa sauti ya chini, “Harufu ile si ya kuiva. Imepita.” Lakini kwa Dismasi hakwenda.

Ijumaa Dismasi alifukua. Nilikuwa naanika mtama, nikaona mikono yake inaanza haraka, halafu inapunguza mwendo. Ndizi za juu zilikuwa za njano, nzuri. Za chini zilikuwa nyeusi, zimepasuka, zinatoa maji machachu. Zaidi ya nusu zilikuwa za kutupa. Akakaa ukingoni mwa shimo, miguu ndani.

“Kwetu ni siku sita,” alisema.

“Kwenu kuna baridi ya milimani,” shangazi alimjibu. “Hapa joto la ziwa halilali. Hapa ni nne.”

“Mbona hukuniambia, mama?”

“Shimo si langu.”

Dismasi alimtazama, halafu akaitikia kwa kichwa. Yeye mwenyewe asingemuuliza mtu habari za shimo lake.

Wakamenya zilizo nzima, wakazitia kwenye mtumbwi wa mti ambao shangazi hukamulia, wakazikanda na nyasi mpaka povu likapanda na juisi ikaanza kutoka. Ilijaza ndoo moja, pungufu kidogo. Watu walioalikwa walikuwa tisa.

“Tia maji,” shangazi alisema. “Ndoo moja ya maji, hakuna atakayejua.”

“Mimi nitajua. Nitavuta wa kwanza mbele yao, niseme nini?”

Halafu akafanya jambo lililomfanya shangazi akune kichwa. Alichota jagi zima la juisi ile kabla ya kutia unga wa mtama wa kuichachusha, akalifunika kwa jani.

“La nani hilo?”

“La Mzee Luqman. Yeye hanywi pombe, na kufika Jumapili juisi hii itakuwa imeshachacha. Lazima aipate leo ikiwa bado tamu. Mkeka ninaolalia ni wake.”

“Mtungi hautajaa, utakuwa na sauti ndani, Dismasi.”

“Acha uwe na sauti.”

Jumapili walikuja wote, kila mtu na mrija wake. Mzee Luqman naye alikuja na jagi, limejaa karanga za kukaanga, akakaa pembeni akitafuna. Dismasi alivaa shati alilopasi kwa pasi ya shangazi. Alivuta, akameza. Kisha akaita, “Mama Rozalia, karibu. Feliksi, karibu,” mpaka wa tisa.

Feliksi alichungulia ndani ya mtungi. “Bwana, hiki ni kisima. Tuleteeni kamba.”

“Vuta tu,” Dismasi alisema. “Mrija wako mfupi kama mwenyewe.”

Watu walicheka, lakini niliona namna walivyokuwa wakinywa. Walikuwa wanashika mrija mdomoni na koo halisogei. Hata Feliksi, ambaye kwa shangazi hung’ang’anizwa kuondoka. Walikuwa wanambakizia. Muda ulikwenda, hadithi zikaenda, Dismasi akainama akatazama ndani. Pombe ilikuwa karibu pale pale.

“Mnanifanyia nini?”

“Tumeshiba,” alisema Feliksi.

“Wewe hujawahi kushiba tangu nikujue.” Akawatazama wote. “Mkiibakiza hii, mnaniambia mimi bado mgeni. Kwa Mama Rozalia mnamaliza mpaka machicha.”

Shangazi akauchukua mrija wake, akauzamisha mpaka chini, akavuta mpaka mashavu yakabonyea. “Kali,” alisema. “Kali kuliko yangu, na sirudii kusema.” Basi wote wakainama. Haikuchukua muda, ikasikika ile sauti ya mirija inayonyonya chini ya mtungi, na Feliksi akadai ameibiwa zamu.

Siku hiyo Dismasi ndiye aliyekaa wa mwisho. Aliwasindikiza watu mpaka njiani, akarudi, akaufudikiza mtungi mlangoni kwake. Kesho yake ulikuwa bado hapo, kila apitaye auone.

Mwezi uliofuata alipata mikungu mingine miwili, akaifukia Jumatatu. Ijumaa asubuhi, siku ya nne, shangazi alikuwa anafagia uani, akafika usawa wa shimo akafagia palepale mara tatu.

“Mama Rozalia,” Dismasi alisema kutoka chumbani, “unauliza?”

“Siulizi. Nafagia.”

Akatoka na jembe, akaanza kufukua.